JOHN HUNTER, MPASUAJI WA JESHI, NA SIRI YA KONDO LA NYUMA

Katika Kiswahili cha kale neno kondo lilikuwa na maana ya vita. Kamusi zetu bado zinaiweka maana hiyo kando ya ile nyingine ijulikanayo na kila mkunga, yaani kondo la nyuma, lile zalio linalotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Mimi si mtaalamu wa lugha, wala siwezi kuapa kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Lakini askari aliyezoea kusoma ramani za mapambano hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama kidogo, kwa kuwa wataalamu wa siku hizi, wanapoeleza namna mimba changa inavyojishikiza ndani ya mama, wanayatumia maneno ya kazi yetu: uvamizi, mpaka, walinzi, kuziteka njia za damu. Wazee nao walikwisha kuliita tumbo la uzazi mji wa mimba. Basi mji upo, na wenye kuuingia wapo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwa ushahidi wa macho jinsi damu ya mama na damu ya mtoto zinavyokaa jirani katika kondo la nyuma bila kuchanganyika alikuwa John Hunter, Mskoti, aliyefariki mwaka 1793. Wapasuaji wa dunia nzima humtaja kuwa ndiye aliyeugeuza upasuaji kutoka kazi ya mkono na kisu kuwa elimu ya kweli. Wachache hukumbuka kwamba alivaa sare, alitibu majeruhi chini ya mizinga, na alifariki akiwa Daktari Mkuu Mpasuaji wa jeshi la Uingereza. Kwa sababu hiyo ndugu wasomaji wa ukurasa huu wana haki ya kumjua.

Hunter alizaliwa Februari mwaka 1728 katika shamba la Long Calderwood, karibu na East Kilbride, Scotland, akiwa kitinda mimba wa watoto kumi. Baba yake alikuwa mtu mzima sana wakati huo, akafariki mwaka 1741 mtoto akiwa na umri wa miaka 13. Shule hakuipenda hata kidogo. Alipendelea kuzurura mashambani akiwatazama sisimizi, nyuki na ndege, na kuwasumbua wakubwa kwa maswali ambayo hapana aliyekuwa na majibu yake. Baadaye alikwenda Glasgow kwa shemeji yake aliyekuwa seremala wa samani, na huko mikono yake ikazoea msumeno na patasi. Hakuna aliyemtarajia kufika mbali. Hata alipokuwa mtu mashuhuri aliandika kwa shida, na maadui zake hawakuacha kumcheka kwa jambo hilo.

Aliyemtoa gizani ni kaka yake, William, aliyemzidi miaka kumi. William alikuwa kinyume chake kwa kila hali: msomi, mtanashati, mwenye maneno laini, aliyeelekea kuwa mkunga wa kiume wa matajiri na hatimaye wa Malkia Charlotte. Mwaka 1746 alifungua mjini London shule ya kufundisha elimu ya viungo vya mwili kwa kupasua maiti. Mwaka 1748 John akapanda farasi, akasafiri hadi London, akaomba kazi. William alimpa mkono wa maiti aupasue ili kumjaribu. Seremala yule akaifanya kazi hiyo kwa usafi uliomstaajabisha kaka yake, na tangu siku hiyo akabaki katika chumba cha kupasulia kwa muda wa miaka ipatayo 12.

Hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza. Sheria ya Uingereza ya zama hizo iliwapa wapasuaji miili michache tu ya wahalifu walionyongwa, nayo shule ya William ilihitaji maiti nyingi kila majira ya baridi. Zilizobaki ziliibwa makaburini usiku na watu wenye kazi hiyo, na John ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kupatana nao. Polisi mwenzangu anayesoma habari hizi atatambua kwamba leo mtu huyo angefikishwa mahakamani kwa kupokea mali ya wizi, na mali yenyewe ni binadamu. Sioni sababu ya kulificha jambo hilo kwa ajili ya sifa zake. Elimu ya uzazi tuliyo nayo imejengwa, kwa sehemu, juu ya miili ya wanawake maskini ambao hapana aliyewaomba ruhusa.

Majira ya baridi ya mwaka 1750 kuingia 1751 William alipata mwili wa mwanamke aliyefariki ghafula akikaribia kujifungua. Nafasi ya namna hiyo ilikuwa adimu. Akamwajiri mchoraji hodari, Jan van Rymsdyk, John akapasua, na picha zikachorwa kama mambo yalivyoonekana, bila kupamba. Ndipo ulipoanza mpango wa kitabu kikubwa juu ya mji wa mimba, kilichochukua zaidi ya miaka 20 kukamilika.

Sasa tufike mwezi Mei mwaka 1754. Daktari mmoja aliyeitwa Mackenzie, msaidizi wa mkunga maarufu William Smellie, alipata mwili wa mwanamke mwingine aliyekufa na mimba iliyokaribia kutimia. Mackenzie alifanikiwa kuisukuma nta ya moto katika mishipa ya mji wa mimba kwa bomba, nta nyekundu na nta ya manjano, ili ateri zitambulike mbali na vena. Nta ilipoganda alimwita John Hunter, nao wawili wakaanza kupasua pole pole.

Ili kuelewa walichokuwa wakikitafuta, yafaa kukumbuka ugomvi wa kale. Tangu enzi za Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, wengi waliamini kwamba mishipa ya mama imeungana moja kwa moja na mishipa ya mtoto, kama bomba linavyoungwa na bomba, na damu ile ile inapita kwa wote wawili. Katika karne ya 16 Mwitalia Aranzi wa Bologna alikana jambo hilo, na wengine wakamfuata, lakini kukana ni kitu kimoja na kuonyesha ni kitu kingine. Kama damu haiunganiki, basi mtoto analishwa vipi? Na damu ya mama inayofika kwenye kondo inakwenda wapi?

Mackenzie na Hunter walipolichambua kondo kutoka kwenye ukuta wa mji wa mimba, walikuta madonge ya nta yasiyo na umbo maalumu. Hayakuwa na sura ya mishipa hata kidogo. Nta ilikuwa imemwagika katika nafasi zilizo wazi ndani ya kondo lenyewe, kama maji yanavyoingia katika sifongo. Walifuata ateri zilizojizungusha kama skrubu katika utando wa mji wa mimba, wakaona kwamba zinafika kwenye kondo na kufunguka humo. Walifuata vena, wakaona zinaanzia katika nafasi zile zile. Lakini katika mishipa ya mtoto, ile iendayo kwenye kiungamwana, hawakuona nta hata chembe.

Hunter akaelewa. Damu ya mama inamiminwa ndani ya kondo kama mto unavyomwagika bwawani, inayaogesha matawi ya mishipa ya mtoto, kisha inarudi kwa mama kwa njia ya vena. Damu ya mtoto nayo inazunguka ndani ya matawi yake, haitoki. Baina ya damu hizo mbili upo ukuta mwembamba, na chakula na hewa hupita hapo. Jioni ile ile alikwenda kumweleza William. Kwa maelezo ya John, kaka yake kwanza alilifanya jambo hilo kuwa mzaha, kisha akaja kutazama mwenyewe, akasadiki, akaanza kulifundisha darasani. Tutaona baadaye mbegu hiyo ilizaa nini.

Mwaka 1760, afya yake ikiwa imedhoofika kwa hewa chafu ya chumba cha maiti, John Hunter alijiunga na jeshi akiwa mpasuaji. Vita vya Miaka Saba vilikuwa vimepamba moto. Mwaka 1761 alisafiri pamoja na majeshi yaliyokwenda kukiteka Belle Île, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Bretagne, Ufaransa. Mara ya kwanza Waingereza walijaribu kushuka pwani wakarudishwa baharini. Mara ya pili walifaulu, wakakizingira kisiwa mpaka Juni kilipojisalimisha. Majeruhi walikuwa wengi, na mahema ya matibabu yalijaa.

Desturi ya wapasuaji wote wa siku zile ilikuwa kulipanua kwa kisu jeraha la risasi mara tu majeruhi anapoletwa, kuingiza vidole vichafu kuitafuta risasi na vipande vya nguo, na kumtoa mtu damu juu ya damu aliyokwisha kuimwaga. Hunter aliona kundi dogo la askari wa Kifaransa waliopigwa risasi siku ya mashambulizi wakajificha katika nyumba tupu kwa siku kadhaa bila daktari. Walipopatikana, majeraha yao yalikuwa yakipona, tena vizuri kuliko ya wengi waliopasuliwa. Mtu mwingine angesema ni bahati. Yeye aliandika na kulifikiria jambo hilo, kisha akaamua kutolipanua jeraha bila sababu maalumu. Wenzake walimwona mvivu au mwendawazimu. Kitabu chake juu ya damu, uvimbe wa maumivu na majeraha ya risasi kilitoka mwaka 1794, baada ya kifo chake, na humo alitoa mawazo ya zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1762 alikuwa Ureno pamoja na jeshi. Karibu na Lisbon, katika bustani ya mtukufu mmoja, aliona kidimbwi cha samaki, akataka kujua kama samaki husikia. Alilala kando ya maji akamwomba rafiki afyatue bunduki nyuma ya vichaka, ili samaki wasiuone mwanga wa baruti. Mlio uliposikika samaki wote walitoweka na tope likatimka. Sijui kamanda wake angesema nini juu ya risasi ile iliyotumika, lakini ndiyo iliyokuwa tabia yake maisha yote: hakuridhika na kukisia palipokuwa na nafasi ya kujaribu.

Vita vilipokwisha mwaka 1763 alirudi London na nusu mshahara. Alianza upya, hata akashirikiana na mganga wa meno. Mwaka 1767 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Wanasayansi, na mwaka uliofuata akawa mpasuaji wa hospitali ya St George's. Mwaka 1771 alimwoa Anne Home, binti wa mpasuaji wa jeshi na mwanamke mshairi, ambaye baadhi ya mashairi yake yalitiwa muziki na Haydn. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Edward Jenner, yule aliyeleta chanjo ya ndui. Aliamka kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, akalala saa chache mno. Katika shamba lake la Earl's Court alifuga wanyama wa kila aina. Siku moja chui wawili walifungua minyororo wakapigana na mbwa, naye akawakamata kwa mikono yake akawarudisha, kisha tu, alipotambua alichokifanya, akaishiwa nguvu.

Alikosea pia, na makosa yake yalikuwa mazito. Alishikilia kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja, akaliandika hilo kitabuni mwaka 1786, na kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa madaktari walimfuata mpaka Ricord wa Ufaransa alipoonyesha ukweli mwaka 1838. Askari wangapi walitibiwa vibaya katika miaka hiyo 50, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa turudi kwenye kondo. Mwaka 1774 kitabu cha William juu ya mji wa mimba kilitoka, kitabu kikubwa sana chenye picha 34, na mpaka leo wataalamu wanaziheshimu picha hizo. William ndiye pia aliyeutambulisha ule utando laini ambao mji wa mimba huuotesha ili kuipokea mimba na kuutupa baada ya uzazi. Aliupa jina la Kilatini linalomaanisha kitu kiangukacho, kama majani ya mti, na jina hilo linatumika hata sasa. Katika dibaji alimshukuru John kwa msaada wake wa kupasua. Lakini sifa ya kugundua mwendo wa damu katika kondo hakumpa.

John alinyamaza miaka sita. Kisha, tarehe 27 Januari mwaka 1780, alisoma mbele ya Chama cha Kifalme taarifa juu ya umbile la kondo la nyuma, akaeleza siku ile ya Mei 1754, nta ya Mackenzie, na maneno aliyokwenda kumwambia kaka yake jioni. Siku saba baadaye William alipeleka barua kudai kwamba ugunduzi huo ni wake, amekuwa akiufundisha hadharani miaka mingi, na ndugu yake analijua hilo. John akajibu kwamba hatakubali kunyang'anywa. Chama kikaona aibu ya ndugu wawili kupigania kondo la nyuma mbele ya wageni, hakikuchapa maandishi ya yeyote kati yao. John aliichapa taarifa yake mwenyewe mwaka 1786.

Nani alikuwa na haki? Nimelipima jambo hili kama nipimavyo taarifa mbili za maofisa wawili juu ya operesheni moja. Mackenzie ndiye aliyeifanya kazi ngumu ya kusukuma nta, na jina lake karibu limesahauliwa. John ndiye aliyekuwapo na kisu mkononi. William ndiye aliyekuwa na shule, fedha na miaka ya kulikamilisha wazo hilo kwa miili mingine. Kwa maoni yangu John alisema kweli juu ya siku ile, na William alisema kweli juu ya miaka iliyofuata; lakini kamanda anayeandika taarifa bila kulitaja jina la aliyetangulia mbele amefanya kosa, hata kama mpango ulikuwa wake.

Ndugu hao hawakupatana mpaka William alipokuwa kitandani mwaka 1783, John akaruhusiwa kwenda kumtibu. William alifariki tarehe 30 Machi. Katika wasia hakumwachia mdogo wake kitu. Hata shamba la Long Calderwood alilozaliwa John alimpa mpwa wao, Matthew Baillie. Kijana huyo aliona jambo hilo si la haki, akamrudishia mjomba wake shamba.

Kuna jambo ambalo John Hunter hakuweza kuliona. Alijua damu ya mama inafika katika kondo, lakini hakujua ni nani aliyeifungua njia. Elimu ya seli ilikuja miaka ya 1838 na 1839, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1889 Mholanzi Hubrecht, akichunguza mimba za kalunguyeye, alizipa jina seli za nje za mimba changa: trofoblasti, yaani chipukizi la lishe. Seli hizo ni za mtoto, wala si za mama, na ndizo zinazouvamia mji.

Mambo huanza mapema mno, kabla mwanamke hajajua kuwa ana mimba. Siku ya sita au ya saba baada ya yai kurutubishwa, kijidonge cha mimba kinagusa ukuta wa mji wa mimba na kujishikiza. Seli zake za nje zinaungana kuwa utando mmoja usio na mipaka baina ya seli na seli, na utando huo unajipenyeza kwa kuyeyusha vizuizi. Kufikia siku ya 12 hivi kijidonge chote kimezama ndani ya ukuta na juu yake pamefunikwa. Baadaye safu za seli hutoka kwenye matawi ya kondo, zikaendelea mpaka theluthi ya ndani ya msuli wa mji wa mimba. Hapo, kwa kawaida, husimama.

Shabaha yao ni zile ateri za mzunguko wa skrubu alizozifuata Hunter. Seli za mtoto huzifikia kwa njia mbili: nyingine hupita katika nyama iliyozizunguka, nyingine huingia ndani ya mshipa wenyewe na kushuka nao. Kwanza huuziba. Kwa muda wa wiki 10 hadi 12 hivi damu nyingi ya mama haiingii katika kondo, na mimba changa inakula utomvu wa tezi za mji wa mimba, ikikaa katika hewa kidogo ambayo inaufaa umri wake. Wakati huo huo seli hizo zinauvunja msuli wa ateri na kukaa mahali pake, mpaka mshipa ulioweza kukazwa kwa amri ya mwili wa mama unakuwa bomba pana lililolegea, lisilosikia amri hiyo. Vizibo vinapoondoka, damu humiminika kwa wingi lakini kwa upole, bila kuyararua matawi. Kazi hiyo inaendelea mpaka karibu na wiki ya 20. Mimba inapokaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika.

Askari atauliza: na walinzi wa mama wako wapi? Wapo, tena wengi. Katika utando ule aliouita William jina, seli nyeupe za damu zimejaa miezi ya mwanzo, na zilizo nyingi ni zile zenye jina la kutisha la seli ziuazo kwa asili. Nusu ya urithi wa mvamizi imetoka kwa baba, basi kwa sheria ya kawaida ya mwili huyo ni mgeni wa kuuawa. Lakini seli za mtoto zinaonyesha juu ya nyuso zao alama maalumu, mfano wa kitambulisho, na walinzi hao hawazishambulii. Badala yake huzisaidia kuilegeza mishipa. Wakati huo huo utando wenyewe huwawekea mpaka. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kuuita uvamizi huu mapatano makali yanayolindwa na pande zote mbili. Pasipo na utando huo, kama vile mimba inapotunga katika mrija nje ya mji wa mimba, seli hazina wa kuzisimamisha, mrija hupasuka, na mama anaweza kufa kwa kutokwa damu tumboni. Penye kovu la upasuaji wa uzazi wa zamani pia kondo linaweza kuzama mno katika msuli, likakataa kutoka.

Hatari ya upande wa pili ndiyo inayozitembelea zaidi nyumba zetu. Mwaka 1967 Brosens, Robertson na Dixon walieleza mabadiliko ya kawaida ya ateri hizo, na mwaka 1972 walionyesha kwamba kwa wanawake wenye dalili za kifafa cha mimba mara nyingi mabadiliko hayo hayakufika chini. Uvamizi ulisimama mapema. Mishipa imebaki myembamba, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linatoa katika damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake mwili mzima. Basi ugonjwa unaotokea baada ya wiki ya 20 mizizi yake huwa ilikwisha kuota miezi ya mwanzo, kimya kimya.

Nilipokuwa katika chuo cha kadeti tulifundishwa kufunga jeraha na kubeba majeruhi, lakini juu ya jambo hili hatukuambiwa neno, na wengi wetu tulikuwa vijana wa kuoa. Nalisema hapa kwa ajili hiyo. Mke mjamzito anayelalamika kichwa kinachouma bila kukoma, macho yanayoona giza au vimulimuli, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, au uvimbe wa ghafula wa uso na mikono, asiambiwe kwamba ni uchovu. Shinikizo la damu likifika 140 kwa 90 ni lazima aonwe na daktari, mkojo wake upimwe, na dalili hizo zikiwapo gari la kambi litafutwe usiku huo huo. Dawa ya sindano ya chumvi ya magnesi hupunguza kwa nusu hatari ya kupatwa na kifafa. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2002 katika uchunguzi wa wanawake wapatao 10,000 kutoka nchi 33. Na kwa wale walio katika hatari zaidi, daktari huweza kuwapa aspirini kidogo kila siku kuanzia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza. Wenyewe wasijipe.

Hunter alifikishwa cheo cha Daktari Mkuu Mpasuaji wa jeshi mwaka 1790. Wakati huo alikuwa ameugua moyo kwa miaka mingi, na alizoea kusema kwamba maisha yake yamo mikononi mwa yeyote atakayependa kumkasirisha. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika kikao cha hospitali ya St George's, alisimama kuwatetea vijana wawili wa Scotland waliokataliwa kusomea upasuaji kwa sababu hawakuwa na mafunzo ya awali, kama yeye alivyokuwa hana. Mjumbe mmoja alimpinga. Hunter alinyamaza, akatoka kwenda chumba cha pili, akaanguka na kufa. Alikuwa na umri wa miaka 65. Walipompasua walikuta ateri za moyo wake zimekuwa ngumu kama mfupa.

Aliacha madeni na mkusanyiko wa vielelezo vinavyokaribia 14,000. Serikali iliununua mwaka 1799 kwa pauni 15,000. Sehemu kubwa iliharibiwa na mabomu ya Wajerumani mwezi Mei 1941. Maandishi yake mengi yalichomwa moto mwaka 1823 na shemeji yake, Everard Home, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amechota humo na kuyatangaza mawazo ya marehemu kuwa yake. Mifupa ya Charles Byrne, Mwairishi mrefu kupita kiasi aliyefariki mwaka 1783 akiomba azikwe baharini ili Hunter asimpate, ilikaa katika makumbusho hayo zaidi ya miaka 200. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2023 haikuwekwa tena mbele ya watu.

Hunter mwenyewe alizikwa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, na kwa zaidi ya miaka 65 jeneza lake lilikuwa limesongwa na maelfu ya mengine. Mwaka 1859 ilipoamriwa vyumba vya chini vya kanisa hilo viondolewe majeneza, Frank Buckland, mpasuaji kijana wa kikosi cha farasi, alikaa humo siku nyingi katika hewa iliyomtia ugonjwa, akisoma vibati vya majina kimoja kimoja. Lilikuwa miongoni mwa majeneza ya mwisho. Likapelekwa Westminster Abbey, likazikwa tarehe 28 Machi 1859. Yule mwanamke wa Mei 1754, katika maandishi ya ndugu wote wawili, hana jina.